Pungua, Punguza, Pungukiwa: Historia ya Kitenzi Kimoja na Mashamba ya Nyacheki

Utangulizi

Kitenzi cha Kiingereza ‘shrink’ kimezoeleka mno katika madarasa ya Kenya hata hudhaniwa kuwa hakina utata. Mwanafunzi anayetakiwa kukitafsiri hutambua upesi kwamba Kiswahili hakina neno moja linalokitosheleza. Nguo iliyofuliwa ikawa fupi hurudi. Uvimbe uliopata dawa hunywea. Jani lililopigwa na jua husinyaa. Mtu aliyeingiwa na baridi au hofu hujikunyata. Na anayeukwepa wajibu husita. Juu ya hayo yote pana kitenzi cha jumla, yaani pungua, ambacho huweza kutajwa kuhusu maji, fedha, afya, watu na ardhi.

Makala haya yanakichunguza kitenzi hicho na maumbo yanayotokana nacho. Yanadai kuwa tofauti baina ya pungua, punguza na pungukiwa si jambo la sarufi tupu. Kila umbo huamua nani atajwe na nani afichwe pale jambo fulani linapokuwa dogo kuliko lilivyokuwa. Dai hilo linathibitishwa kwa kurejelea kamusi, fasihi ya pwani, na historia ya Abagusii wa magharibi mwa Kenya. Mfano wa karibu ni Nyacheki, katika eneo la Bobasi, Kaunti ya Kisii, mahali ambapo kauli “ardhi imepungua” imekuwa hoja katika ugawaji wa urithi.

Kitenzi na Matawi Yake

Kiingereza huridhika na umbo moja: ‘shrink’ huweza kusemwa juu ya kitu kinachojipungukia chenyewe, na pia juu ya mtu anayekifanya kipungue. Kiswahili hakimpi msemaji nafasi hiyo. Akisema pungua, ametaja tukio bila mtendaji. Akisema punguza, lazima awepo anayepunguza, hata kama jina lake halikutamkwa. Akisema punguzwa, amekiri kuwa yupo mtendaji lakini amemweka nyuma ya pazia. Na akisema pungukiwa, amemtazama aliyepatwa na hasara, bila kuuliza iliyosababisha hasara hiyo.

Matumizi ya asili ya pungua yanaonyesha kwa nini umbo hilo halina mtendaji. Watu wa pwani waliishi kwa kuhesabu mwezi na maji ya bahari. Mwezi ukishakuwa mpevu hupungua usiku hadi usiku, wala hapana mwanadamu wa kulaumiwa. Katika hesabu ya mwezi mwandamo, mwezi wa siku 29 ni mpungufu na ule wa siku 30 ni kamili. Upungufu wa namna hii ni sehemu ya mzunguko: kinachopungua kitajaa tena. Kamusi kubwa za lugha hii, tangu ile ya Krapf iliyotoka mwaka 1882, ile ya Johnson ya 1939, hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimelihifadhi neno hili pamoja na jamaa zake. Hata hivyo, kamusi kwa desturi yake hueleza maana na kuacha suala la nani anayenufaika na maana hiyo.

Jamaa hao wa pungua hawafanani kwa hadhi. Punguzo ni neno la sokoni na hupokewa kwa furaha. Nipunguzie ni ombi la mnunuzi, na kiambishi chake cha utendea kinamfanya muuzaji kuwa mfadhili kwa muda. Kupunguza nywele au matawi ya mti ni kutengeneza, si kuharibu. Lakini upungufu ni aibu, na punguani ni tusi: ni mtu aliyehukumiwa kuwa akili zake hazikutimia. Kauli “amepungua” juu ya mtu huweza kuwa taarifa ya uzito wa mwili, pole kwa mgonjwa, au hukumu ya heshima iliyoporomoka. Muktadha ndio unaoamua.

Kupungua Bila Mtendaji: Mfano wa Al-Inkishafi

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo mashuhuri cha kupungua. Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19, unautazama mji wa Pate ulivyokuwa na ulivyobaki. Majumba yaliyokuwa na taa na wageni yamekuwa makao ya popo na ndege. Mshairi anauambia moyo wake uzingatie mfano huo na kuacha kuipenda dunia.

Wahakiki wengi wameusoma utenzi huu kama mawaidha ya dini, na usomaji huo ni sahihi. Lakini upo upande mwingine unaostahili kuangaliwa. Pate haikuanguka kwa sababu ya majaliwa pekee. Ilikuwa na vita vya kugombea utawala, mashindano na Lamu, na mivutano na dola za nje ya mwambao. Vita vya Shela, vilivyopiganwa katika muongo wa pili wa karne hiyo ya 19, vilivunja nguvu zake dhidi ya Lamu. Utenzi hautaji lolote kati ya hayo kuwa sababu. Unataja mauti na mapito ya dunia, na kwa hiyo mji unapungua kama mwezi unavyopungua. Uamuzi huo wa kisanaa unafaa lengo la mshairi, kwani mawaidha humhusu kila mtu, ilhali lawama humhusu mmoja. Hata hivyo, namna hiyo ya kusimulia ikihamishwa kutoka katika utenzi na kuingizwa katika historia au siasa, hupoteza uadilifu wake. Kinachokuwa hekima katika ushairi huweza kuwa kificho katika ripoti.

Abagusii na Mifugo Iliyopungua

Simulizi za Abagusii juu ya uhamaji wao zina neno linalofaa kulinganishwa na pungua. Zinasema kwamba kabla ya kufika katika nyanda za juu wanamoishi leo, mababu walikaa Kabianga, mahali ambapo leo pamo katika Kaunti ya Kericho. Huko baridi ilikuwa kali, mimea haikustawi, mifugo ilikufa na maadui walishambulia. W. R. Ochieng’, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, aliupa ukaaji huo nafasi kubwa. Jina la mahali hapo hufasiriwa na wenyeji kwa kitenzi cha Ekegusii cha kukataa: vitu vilikataa. Tazama basi tofauti ya mtazamo. Msimulizi wa Kiswahili angeridhika kusema kuwa mazao na mifugo vilipungua. Kumbukumbu ya Ekegusii inavipa vitu vyenyewe utendaji. Mtama na ng’ombe hawakupungua tu; waligoma. Hata pale ambapo hapana wa kulaumiwa, sarufi ya kumbukumbu hiyo imemweka mtendaji.

Jambo hilo linapata uzito zaidi katika miaka ya kwanza ya ukoloni. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi cha kijeshi dhidi ya Abagusii, wakaua watu na kuteka mifugo. Mwaka 1907 kituo cha utawala kilianzishwa pale ambapo baadaye palikuja kuwa mji wa Kisii. Mapema mwaka 1908 Otenyo Nyamaterere, ambaye simulizi zinamhusisha na nabii mwanamke Moraa Ngiti, alimchoma mkuki afisa wa wilaya, G. A. S. Northcote. Northcote alipona, lakini adhabu iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ile ya 1905. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na maelfu ya mifugo yalichukuliwa. Hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika Wizara ya Makoloni huko London, alishtushwa na idadi ya waliouawa, akatuma simu ya kulalamika. Septemba 1914, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupigana Kisii na mji kuachwa wazi, wenyeji waliupora. Na mara hii tena walitozwa adhabu ya ng’ombe. Kufikia 1913 utawala ulikuwa umekwisha kuvunja ebisarate, yaani kambi za malisho ambamo vijana walilinda mifugo ya ukoo.

Matukio haya huweza kuelezwa kwa sentensi tatu. Ya kwanza: mifugo ya Abagusii ilipungua kati ya 1905 na 1914. Ya pili: Abagusii walipungukiwa na mifugo. Ya tatu: Waingereza waliipunguza mifugo ya Abagusii. Sentensi zote tatu ni za kweli, na takwimu moja ingezitosha zote. Lakini ya kwanza inayaweka mambo hayo pamoja na ukame na maradhi ya wanyama. Ya pili inaomba huruma. Ya tatu peke yake ndiyo inayoweza kujibiwa na swali: kwa haki gani? Mwanafunzi wa historia anayepewa sentensi ya kwanza pekee hakudanganywa. Amenyimwa swali.

“Ardhi Imepungua”

Nyacheki ni soko na wadi katika eneo bunge la Bobasi, upande unaoelekea Transmara. Wakazi wake hulima mahindi, ndizi na mazao ya biashara, na kiwanda cha chai cha Nyamache kimo katika Bobasi hiyo hiyo. Kabla ya ukoloni, ukoo uliozidiwa na watu uliweza kusogea hadi maeneo yasiyokaliwa. Uwezekano huo ulizibwa kwa hatua. Mwaka 1926 mipaka ya maeneo yaliyotengewa Waafrika ilichapishwa rasmi katika gazeti la serikali. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti katika kijiji walichokiita Nyansongo miaka ya 1955 hadi 1957, waliwakuta watu ambao tayari walikuwa wakishindania mashamba. Baada ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, kila kipande kilipewa nambari na mwenye hatimiliki. Tangu hapo shamba halikuweza kusogea tena. Liliweza kugawanywa tu.

Mila ya Abagusii iliugawa urithi kwa nyumba. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na haki ya ardhi ambayo wana wa kiume wa mama huyo waligawana. Desturi hiyo ilifaa zama ambazo ardhi ilikuwa tele. Ikiendelea vizazi vitatu juu ya kipande kisichoongezeka, matokeo yake ni yale ya methali: bandu bandu huisha gogo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani 957 kwa kila kilomita ya mraba, na watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kwa wastani huo kila mtu wa Kisii ana robo eka hivi, pamoja na barabara, mito, shule na masoko yote.

Inafaa kukubali hapa kwamba pungua si neno la uongo. Wastani wa ardhi kwa mtu umepungua kweli, na hapana mtu mmoja aliyeamua hivyo. Lakini ardhi yenyewe haikupungua. Eneo la Bobasi halikurudi kama nguo iliyotiwa majini. Kilichobadilika ni mgawanyo, na mgawanyo una wagawaji: serikali ya kikoloni iliyofunga mipaka, sheria iliyotia nambari, wazee walioamua mistari, na wazazi walioamua warithi.

Hoja hii si ya kinadharia pekee. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika 1981, ilimtambua mtoto wa kike kuwa mrithi, na Katiba ya mwaka 2010 ikaimarisha usawa huo. Hata hivyo, binti anayedai sehemu yake huweza kujibiwa kwamba ardhi imepungua. Jibu hilo lina adabu kuliko kukataa waziwazi. Halimtaji baba, wala ndugu, wala mzee wa ukoo. Linaitaja ardhi, nayo haiwezi kuhojiwa. Laiti msemaji angelazimika kutumia umbo la kweli, angesema: sehemu yako tumeipunguza mpaka ikaisha. Sentensi hiyo huweza kupelekwa mbele ya hakimu. Ile ya kwanza hupelekwa kwa Mungu tu.

Udogo kama Dharau

Kiswahili kina njia nyingine ya kufanya kitu kuwa kidogo: umbo la udogo. Shamba huwa kishamba au kijishamba, na katika Kiswahili kinachosemwa bara, kwa athari za lugha za Kibantu za huko, huwa kashamba. Umbo hili hupunguza mambo mawili kwa pamoja, ukubwa na thamani. Kishamba pia ni namna ya mtu asiyestaarabika, hivi kwamba neno linalotaja kipande kidogo linakaribiana mno na neno la kumdharau anayekilima. Mnunuzi anayeita robo eka kashamba kabla ya kutaja bei amekwisha kuipunguza bei hiyo kwa kiambishi.

Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, iliyotahiniwa katika shule za upili za Kenya kati ya 2013 na 2017, inatumia uwezo huo kwa namna ya kinyume. Jina lake ni nahau ya mtu aliyefikwa na jambo asiloweza kujitoa, na anayefikwa ni mtawala aliyejitwalia ardhi ya wengine kwa hila. Samaki ni mdogo, lakini kauli ya kutendea katika kitenzi inamtaja anayebeba uvundo. Riwaya inakataa kusema kwamba ardhi ilipotea. Inasema ilichukuliwa, na inamtaja aliyeichukua. Hapo ndipo mtunzi wa kisasa anapoachana na msimamo wa Al-Inkishafi, ingawa wote wawili wanasimulia anguko.

Upungufu katika Miongo ya Mwisho ya Karne

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa enzi ya upungufu katika lugha ya umma. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Kifupisho hicho kimefasiriwa kwa njia mbili: Ukosefu wa Kinga Mwilini na Upungufu wa Kinga Mwilini. Herufi hazibadiliki, lakini maana hubadilika. Mwenye ukosefu hana; mwenye upungufu alikuwa nayo na sasa anayo kidogo, na kwa hiyo lipo la kuokolewa. Kabla ya jina la kitaalamu, watu wa Uganda waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza la wembamba, kwa kuwa waliona mwili ukipungua. Tangu dawa za kurefusha maisha zilipoenea katika miaka ya 2000, tafsiri ya upungufu ndiyo inayoafikiana zaidi na maisha ya wagonjwa.

Wakati huohuo masharti ya marekebisho ya kiuchumi yaliifanya serikali ya Kenya, kuanzia 1993, kuwapunguza watumishi wake. Waliohusika walisema “nimepunguzwa”, wala hawakusema “nimepungua”. Umbo la kutendwa lilitunza kumbukumbu kwamba yupo aliyeamua, hata kama alikuwa Nairobi au Washington. Wengi wa waliopunguzwa walirudi mashambani, na shamba lililokwisha kugawanywa likadaiwa tena.

Upo pia upungufu unaosifiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto wanane hivi kwa wastani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Taarifa husema kuwa uzazi umepungua. Hapa tena umbo lisilo na mtendaji linaficha mtu, ila safari hii linaficha sifa, si lawama. Uzazi haukupungua kama mwezi. Wanawake waliupunguza, mara nyingi bila kuungwa mkono nyumbani, kwa safari za kliniki na hesabu za siku. Katika maeneo kama Kisii, wanawake haohao ndio wanaoambiwa kuwa ardhi imepungua na kwa hiyo hawana fungu. Kitenzi kimoja kinawanyima urithi na kinawanyima pia shukrani kwa kazi iliyopunguza mzigo juu ya urithi huo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pungua ni kitenzi cha mwezi na maji, kilichohamishiwa katika mambo ya wanadamu. Katika utenzi wa mawaidha uhamisho huo una manufaa. Katika historia ya ukoloni, katika ugawaji wa ardhi na katika takwimu za uzazi, unaondoa mtendaji pale anapohitajika zaidi. Kiswahili, tofauti na Kiingereza, kimewapa wasemaji wake maumbo ya kutosha ya kumrudisha: punguza, punguzwa, punguzia, pungukiwa.

Mambo mawili yanafuata. Watunga kamusi wangefaa kuonyesha, kwa mifano, si maana za vitenzi vya namna hii pekee bali pia nafasi ya mtendaji katika kila umbo. Wahakiki nao wangefaa kuzisoma ripoti, hotuba na hukumu za wazee kwa uangalifu uleule wanaoutumia kwa tenzi na riwaya. Ardhi ya Nyacheki inayosemwa kuwa imepungua ina ukubwa uleule iliyokuwa nao mwaka 1926. Orodha ya walioigawa inaweza kuandikwa, na sehemu kubwa yake tayari imo katika daftari za usajili.